Kitambaa Cheupe: Jinsi Sinema Ilivyofika Kasongo na Kabambare

Mtu wa Unguja anapokumbuka sinema za zamani, hukumbuka jengo. Atakutajia Majestic, Sultana au Cine Afrique, atakueleza habari za foleni ya tiketi na walanguzi waliozinunua mapema ili waziuze kwa bei ya juu, na hatasahau Jumapili za filamu za Kihindi ambazo familia nzima ilivalia nguo mpya. Mtu wa miji ya ndani ya Kongo hukumbuka uwanja: kitambaa cheupe kilichofungwa kati ya nguzo mbili, mashine iliyonguruma nyuma ya umati, na sauti ya mtu aliyesimulia picha kwa lugha ya nyumbani. Wote wawili wanasema Kiswahili, na mababu zao waliunganishwa na njia moja ya misafara. Kwa nini, basi, wamerithi kumbukumbu mbili tofauti namna hii? Ili kujibu, hatuna budi kuanza kabla sinema haijabuniwa.

Katika miaka ya 1870 na 1880, njia ya biashara ilitoka pwani mpaka Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe karibu na mto Lualaba. Kabambare ilikuwa kituo cha kupumzikia wapagazi na kuwekea mizigo. Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa mfanyabiashara Tippu Tip na watu wake. Pembe za ndovu na watumwa walikwenda mashariki, na vitambaa, bunduki, mpunga wa kupandwa, dini ya Kiislamu na lugha ya Kiswahili vilikuja magharibi. Lilikuwa jambo la kikatili kwa wengi waliolipitia, lakini ndilo lililoifanya Maniema, yaani eneo la miji hiyo, kuwa nchi ya Waungwana, ambao walivaa, walijenga na kuzungumza kwa kutazama Unguja. Kitu kipya kilichofika Unguja kilikuwa na njia ya kufika Kasongo.

Njia hiyo ilikatwa kwa vita. Jeshi la Dola Huru ya Kongo, chini ya Francis Dhanis, liliiteka Nyangwe mwezi Machi 1893, kisha Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huohuo. Mapigano yaliendelea dhidi ya Rumaliza wa Ujiji, na Kabambare ikaanguka Januari 1894. Tangu hapo biashara ya Maniema iligeuzwa uso. Reli kati ya Kongolo na Kindu ilikamilika mwaka 1911, ikaunganisha sehemu mbili za mto zinazopitika kwa meli. Mwaka 1915 reli nyingine ikafika Ziwa Tanganyika pale Albertville, yaani Kalemie ya leo. Zote zilipangwa kufuata mahitaji ya Wabelgiji, na Kasongo, iliyokuwa kitovu cha njia ya zamani, iliachwa ng'ambo ya pili ya Lualaba, mbali na reli. Kabambare ilibaki mbali zaidi. Mji uliokuwa mlango ukawa chumba cha ndani.

Mwaka 1895, mwaka mmoja baada ya kuanguka kwa Kabambare, ndugu Lumière walionyesha filamu zao mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio mjini Paris. Sinema, kwa hiyo, ilizaliwa wakati Maniema imekwisha kutengwa na pwani, na jambo hili dogo la tarehe lina uzito mkubwa katika yote yanayofuata.

Pwani, mambo yalikwenda haraka. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi walianza kwa kuzunguka na mashine na mahema, kisha wakajenga. Katika hao anajulikana hasa Hassanali Adamali Jariwalla, aliyefungua jumba la Royal mjini Unguja mwaka 1921. Ramani yake ilichorwa na John Sinclair, Mwingereza aliyekuwa mtawala na msanifu majengo kwa wakati mmoja. Jumba hilo baadaye liliitwa Majestic, likaungua, likajengwa upya katika miaka ya 1950. Muhimu kwetu ni nani aliyelijenga na kwa nini. Jariwalla na wenzake waliishi mjini na wateja wao, na faida yao ilitoka kwenye senti za wachukuzi, makarani, mabaharia na akina mama. Waliagiza kile ambacho watu walitaka kukiona, kwa sababu filamu isiyopendwa ilikuwa hasara usiku huohuo. Udhibiti wa Waingereza ulikuwepo, na Tanganyika kulikuwa na filamu zilizokatazwa kwa Waafrika, lakini mlango wa jumba ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye tiketi. Filamu kama Awara ya mwaka 1951 na Mother India ya 1957 ziliingia katika nyimbo na mazungumzo ya watu kwa njia hiyo.

Kongo ya Wabelgiji ilichagua njia nyingine, na uchaguzi huo ulianzia katika wazo. Watawala wengi wa kikoloni wa wakati ule, Waingereza kwa Wabelgiji, waliamini kwamba Mwafrika hawezi kuifuata filamu ya Ulaya au ya Marekani: kwamba picha zinazobadilika upesi zingemchanganya, na kwamba kumwona Mzungu akiiba, akilewa au akipigwa kungemwondolea heshima kwa serikali. Nusu ya kwanza ya wazo hilo ilikuwa kosa, kama kila jumba lililojaa Unguja lilivyothibitisha. Nusu ya pili ilikuwa hofu halisi ya kisiasa, na ninaamini hiyo ndiyo iliyoongoza mengine. Mwaka 1945 amri ya serikali ya Kongo iliwafungia maonyesho ya sinema watu wasio wa asili ya Ulaya au Asia, ila kwa filamu zilizopitishwa na tume maalumu. Kukawa na sinema mbili katika nchi moja: ya Wazungu, yenye filamu mpya na viti, na ya Wakongo, yenye filamu zilizochaguliwa kwa niaba yao.

Nani, basi, angeonyesha hizo filamu zilizoruhusiwa? Walijitokeza watatu. Wa kwanza ni serikali yenyewe, ambayo baada ya Vita vya Pili vya Dunia iliunda ofisi ya filamu na picha ndani ya idara yake ya habari, ikawa na magari yaliyobeba mashine mpaka vijijini. Wa pili ni makampuni makubwa. Union Minière kule Katanga ilitumia sinema katika kambi za wafanyakazi, ikitumaini kwamba jioni ya filamu ingempunguzia mfanyakazi jioni za pombe na manung'uniko. Wa tatu, na kwa miji kama Kasongo walio muhimu kuliko wote, ni wamisionari Wakatoliki.

Uzito wa mapadri unaeleweka ukikumbuka kwamba, kwa miongo mingi, shule zilizopata ruzuku ya serikali zilikuwa za misheni za Kikatoliki. Mapadri Weupe, shirika la wamisionari, walikuwa wamejikita Maniema tangu mwanzoni mwa karne, na eneo la Kasongo lilikuwa na umuhimu wa pekee machoni pao kwa sababu ya Uislamu wake, ambao serikali nayo iliutazama kwa shaka. Kasongo ikawa vikariati mwaka 1952 na jimbo kamili mwaka 1959. Mji wenye misikiti ya tangu enzi za Tippu Tip ulikuwa sasa pia makao ya askofu. Kule Kivu, Padri Roger De Vloo wa shirika hilohilo alianzisha Africa Films, akapiga filamu za mchezo kwa waigizaji wa huko. Kasai, Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, watu wawili wenye vituko wanaokumbusha wachekeshaji wa Marekani Laurel na Hardy. Mwenzake, Alexandre Van den Heuvel, alisimamia kituo cha filamu cha Kikatoliki mjini Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, akatoa pia filamu za katuni za Mboloko, yule swala mdogo mjanja wa hadithi za Kongo.

Hapa inafaa tukae kidogo na mashine, kwa kuwa bila yake uwanja usingekuwa jumba. Sinema za mjini zilitumia mkanda wa milimita 35, ambao kwa miaka mingi ulitengenezwa kwa nitrati na uliweza kuwaka moto kama petroli. Ulihitaji chumba chake, umeme wa uhakika na fundi aliyefunzwa. Mwaka 1923 Kodak ilileta sokoni mkanda wa milimita 16 uliotengenezwa kwa kitu kisichoshika moto kirahisi. Mashine yake ilibebeka mikononi mwa mtu mmoja, na jenereta ndogo iliweza kuiendesha. Mkanda wa mita 120 hivi ulidumu dakika 11, kisha ulibadilishwa. Mabadiliko hayo, ambayo ndani ya jumba la mjini yalifichwa kwa kutumia mashine mbili, uwanjani yalionekana na kila mtu: taa ilizimika, watoto walipiga kelele, wakubwa walibishana kuhusu waliyoyaona, na hapo fundi alikuwa anaulizwa kama bado kuna nyingine.

Wakati filamu inaendelea, mtu alisimama na kipaza sauti. Filamu nyingi za aina hii hazikuwa na maneno ya wahusika, au zilikuwa na Kifaransa ambacho umati haukukifuata, hivyo msimulizi alieleza kinachotokea kwa Kiswahili, Kilingala au Kitshiluba, kutegemea mahali. Alipewa maelezo ya kusoma, lakini usimulizi wa ana kwa ana haufungiki kwa karatasi. Msimulizi hodari aliwapa wahusika tabia za watu wanaojulikana, aliongeza methali, alijibu maswali yaliyorushwa kutoka gizani. Nchi yenye mapokeo ya hadithi za jioni ilimpokea kama ndugu wa mtambaji, na nadhani ndiye aliyeifanya filamu ya somo iwe burudani.

Filamu zenyewe zilifundisha usafi, kilimo, uaminifu katika ndoa na kuogopa pombe. Nyingine zilionyesha ukuu wa Ubelgiji. Mfalme Baudouin alipozuru Kongo mwaka 1955, André Cauvin alipiga filamu ya ziara hiyo na kuiita Bwana Kitoko, na nchi ikajionyesha yenyewe ikimshangilia mgeni. Wakati huohuo Kongo ilikuwa inapigwa picha kwa ajili ya macho ya mbali. Mwaka 1951 John Huston alikuja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kupiga sehemu za The African Queen karibu na Ponthierville, Ubundu ya leo, kwenye mto Ruiki unaoingia Lualaba. Maji ya Lualaba yenyewe yalikuwa yamekwisha kupita upande wa Kasongo kabla ya kukutana na yale ya Ruiki. Hadithi ya filamu hiyo ilichotwa kutoka vita vya meli katika Ziwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ziwa lilelile ambalo misafara ya Kabambare ilivuka. Dunia nzima iliiona nchi hii ikiwa mandhari ya mapenzi ya Wazungu wawili, wakati wenyeji wa nchi walihitaji idhini ya tume ili waione filamu yoyote.

Sasa tunaweza kupima majibu ya swali letu. Wapo wanaosema miji ya Maniema haikuzalisha utamaduni wa majumba ya sinema kwa sababu ilikuwa midogo na maskini. Sababu hii haitoshi. Wete na Chake Chake kisiwani Pemba hazikuwa miji mikubwa, na wateja wake walikuwa wakulima wa karafuu, lakini zilikuwa na majumba yao. Lindi nayo vilevile. Wapo wanaotaja dini, wakidhani mji wa Kiislamu ungeikataa sinema. Unguja inawajibu: watu waliosali Ijumaa ndio waliojaza viti Jumapili, na kulikuwa na maonyesho maalumu ya wanawake peke yao. Umbali na ukosefu wa umeme vina nguvu zaidi, kwa kuwa mkanda wa milimita 35 haukusafiri kirahisi mahali pasipo reli wala nyaya. Hata hivyo umbali huo wenyewe ulikuwa matokeo ya vita vya mwaka 1893 na ya uamuzi wa wapanga reli. Kwa maoni yangu, sababu nzito kuliko zote ni sheria ikichanganyika na umiliki. Pwani, mwenye jumba alimhitaji mtazamaji. Kongo, mwenye mashine alikuwa serikali, kampuni au misheni, na hakuna kati ya hao aliyefilisika kwa sababu watu hawakuipenda filamu. Mfanyabiashara ambaye angejenga jumba kwa ajili ya umma wa Kiafrika alikutana kwanza na tume.

Hata hivyo watazamaji hawakubaki pale walipowekwa. Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Léopoldville, ambako vijana wa miaka ya 1950 waliiona Marekani ya wachunga ng'ombe wenye bastola, wakajiita Bills kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa vitambaa shingoni, wakagawana mitaa na kuunda lugha yao ya mtaani. Serikali ilitaka filamu zimtengeneze Mkongo mtulivu. Vijana walichukua kofia na mwendo wa shujaa wa magharibi. Padri mmoja wa Scheut, Joseph de Laet, alikwenda kuishi nao kwa mtindo wao mpaka akaitwa Père Buffalo. Kila mahali ambapo picha zilionyeshwa, watu walichukua walichokitaka na kuliacha somo lililobaki.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na ile sheria ya rangi haikuwa na nguvu tena, lakini uhuru haukuleta amani ambayo jumba la sinema linahitaji. Maniema iliingia kwenye machafuko mapema. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulitoka upande wa Fizi, ukapita Kabambare na Kasongo, na mwezi Julai Kindu ikaangukia mikononi mwa waasi. Wamisionari waliuawa au walikimbia katika sehemu nyingi za mashariki, na pamoja nao ukavunjika mtandao uliokuwa ukipitisha mashine na mikanda. Milima kati ya Fizi na Kabambare ilibaki maficho ya waasi kwa miaka mingi. Huko ndiko Laurent-Désiré Kabila alikojenga chama chake cha PRP tangu 1967. Barabara iliyo hatari haipitishi gari la sinema.

Kisha ikaja amri ya Rais Mobutu ya tarehe 30 Novemba 1973, iliyowanyang'anya wafanyabiashara wa kigeni maduka na mashamba. Katika miji ya ndani, hao walikuwa Wagiriki, Wareno na Waasia waliokuwa wakileta bidhaa, mafuta na vipuri. Maduka mengi yalikufa ndani ya miaka michache. Wakati Dar es Salaam bado ilikuwa ikipanga foleni Avalon na Empire, miji ya ndani ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa inatafuta chumvi na sabuni. Televisheni ya taifa ilikuwa imeanza Kinshasa mwaka 1966, lakini kwa mtu wa Kabambare ilikuwa habari za mbali.

Kilichorudisha picha kilikuwa video. Kaseti za VHS, zilizotoka Japani mwaka 1976, zilienea Afrika katika miaka ya 1980, na kwa mara ya kwanza mtu mwenye mtaji mdogo wa televisheni, deki na jenereta aliweza kuwa mwenye sinema bila kumwomba padri wala serikali. Hapo ndipo sababu ya umiliki ilipogeuka. Chumba cha udongo chenye mabenchi kikawa jumba; ada ikalipwa mlangoni; na mwenye chumba, kama Jariwalla zamani, alilazimika kuwasikiliza wateja wake. Waliotaka Bruce Lee walipata Bruce Lee, na waliotaka Wahindi walipata Wahindi. Majumba ya pwani, ambayo yalijengwa kwa ajili ya mkanda mkubwa, yaliuawa na video hiyohiyo iliyoipa miji ya ndani kumbi zake. Ndiyo maana huzuni ya mtu wa Unguja na ya mtu wa Maniema haziangukii mwaka mmoja.

Msimulizi naye akarudi. Dar es Salaam alipata umaarufu Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake za asili. Uganda walikuwepo wasimulizi wa Kiganda. Kazi aliyoifanya mtu mwenye kipaza sauti kwenye uwanja wa misheni sasa ilirekodiwa na kuuzwa. Baadaye filamu za Kitanzania ziliingia mashariki ya Kongo kwa nguvu, kwa sababu watu walizielewa bila mkalimani, na Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012 alililiwa ng'ambo ya ziwa pia. Baada ya zaidi ya miaka 100, kitu cha pwani kilikuwa kimepata tena njia ya kwenda bara.

Katikati ya hayo kulikuwa na vita vya 1998 hadi 2003. Kasongo na Kabambare ziligawanywa kati ya waasi wa RCD walioshika miji na wanamgambo wa Mai-Mai walioshika misitu. Reli ya Kindu ilisimama, na mizigo ilisukumwa kwa baiskeli njia nzima. Jenereta isiyo na mafuta haionyeshi chochote, na usiku watu walijifungia ndani. Vita vilipopungua, picha zilirudi kwa diski za bei rahisi, kisha kwa kadi ndogo za simu na paneli za jua, na vyumba vya video vikaanza kujaa zaidi kwa mpira wa miguu kuliko kwa filamu.

Mikanda ya zamani haikupotea yote. Sehemu kubwa ya filamu za serikali na za mapadri imehifadhiwa Ubelgiji: Brussels, Tervuren na Leuven. Mwaka 2010 hifadhi ya filamu ya Brussels ilitoa diski za kazi za watengenezaji filamu Genval, Cauvin na De Boe kuhusu Kongo, na mtu yeyote anaweza kuzitazama leo. Lakini anayezitazama anapata nusu tu ya kile kilichotokea uwanjani. Sauti ya msimulizi haikuwa kwenye mkanda, wala vicheko, wala maswali, wala mabishano ya zile dakika za kubadilisha mkanda. Hayo yote yamo vichwani mwa wazee waliokuwa watoto katika miaka ya 1950, ambao sasa umri wao umekwenda sana. Wanahistoria wa Kasongo na Kabambare, na wanafunzi wa vyuo vya Maniema wenye simu inayorekodi, wanaweza kuwauliza mambo mahususi: nani alishika kipaza sauti, na alitoka familia gani, alisimulia Kiswahili cha aina gani, wanawake walikaa wapi, na kama watoto wa Kiislamu waliruhusiwa na wazazi wao kuingia uwanja wa misheni, au walitazama kutoka nje, upande wa nyuma wa kitambaa, ambako picha huonekana vilevile ila mkono wa kulia huwa wa kushoto.